Geuza Uso Kushoto

"Geuza uso kushoto," simu inamwamuru Halina,
naye anageuza, jikoni Vilnius, saa nane usiku,
pasi ya kusafiria kaishika chini ya kidevu
kama mfungwa na namba yake.

Mwanga hautoshi. Rudia.
Umefumba macho. Rudia.
Nyuma yake kamba ya nguo, soksi za mwanawe,
dawa ya presha juu ya friji:
navyo vimeingia pichani, havikuulizwa.

Fedha ni zake. Alizidunduliza kwa kushona mapazia,
akaziweka huko walikomwambia
hakuna anayeuliza jina.
Kuingia, mlango ulikuwa wazi.
Kutoka ndiko kwenye bawabu.

Anamkumbuka mama yake kule Hrodna,
aliyeficha noti ndani ya mto wa manyoya.
Mto haukuwahi kumtaka atabasamu.

"Tumepokea. Subiri siku tatu."
Sura yake imekwenda, hajui kabati la nani,
hajui funguo zi mfukoni mwa nani.

Anafungua bomba, ananawa uso,
ananawa tena,
kisha anaanua soksi, moja bado mbichi,
na kuilaza simu kifudifudi.