Usumba

Kwanza walisema ni kifua kikuu.
Miezi sita ya vidonge, mkojo rangi ya chungwa,
kisha minane mingine, na sindano.
Kohozi lilikwenda maabara likarudi safi,
likaenda tena, likarudi safi,
na sisi bado tukamtengea baba kikombe:
cha bati, cha buluu, chenye pengo mdomoni,
kikaning'inia peke yake kwenye msumari wa nje
na wanangu wakafundishwa kukikwepa.

Mwaka huu, hospitali ya Malindi, Bi Rukia Famau
akaipachika picha ya mapafu dirishani,
maana taa ya ukutani ilikuwa imeungua.
Nyuma ya mbavu za baba likapita gari la wagonjwa.
Hakuuliza habari za kohozi.
"Mzee Ngumbao, ujanani ulifanya kazi gani?"

Baba akanyooka kitini.
Kuezeka, akasema, akapumzika.
Nyumba za maofisa. Ghala la pamba.
Bweni la wasichana.
Zile shiti za kijivu zenye mawimbi,
hazishiki moto, si kama makuti.
Tulizikata kwa msumeno wa mkono,
mimi juu, Shaha chini,
vumbi likimshukia kama unga wa muhogo,
tukicheka kwamba ameota mvi kabla ya kuoa.

Shaha yuko wapi?
Mambrui, kaburini. Kifua.
Walisema karogwa.

Bi Rukia akanivika mirija masikioni.
Chini kabisa, mgongoni mwa baba,
kila alipovuta pumzi nilisikia
mtu akikanyaga mwani mkavu.

Neno asbestosi lilimteleza mama ulimini mara tatu.
Nikamwambia: Mama, wewe unayajua makumbi.
Unayafukia topeni, miezi, yanaoza,
nyama ya kumbi inakwenda, usumba unabaki,
unausokota kamba.
Sasa fikiria usumba wa jiwe,
mwembamba, jicho haliuoni,
uliingia na pumzi ukachoma ndani.
Mwili umejaribu kuuozesha
mwaka wa kwanza, wa kumi, wa arobaini.
Hauozi.
Basi ukaufunga kwa kovu, kovu juu ya kovu,
hadi pafu likawa kamba,
na kamba haipumui.

Mama akakaa kimya, akivuta ncha ya leso.
Kisha: "Na mimi niliyekung'uta ovaroli lake
kila Ijumaa pale uani,
huyu akiwa mgongoni?"
Huyu ni mimi.
Bi Rukia akaacha kuandika,
akaanza tena. Sasa majina yalikuwa matatu.

Dawa ya kulirudisha pafu hakuna.
Ipo hewa ya mtungi, siku zitakapozidi.
Ipo chanjo ya nimonia. Sigara, basi.
"Na haliambukizi," akasema, akifunga faili.
"Hata mkinywea kikombe kimoja."

Ndani ya tuktuk hadi Muyeye hakuna aliyesema.
Mama alishuka kwanza, akaenda moja kwa moja msumarini,
akamimina chai, akanywa palepale penye pengo,
akampa baba.
Baba akakitazama kikombe muda mrefu
kama mtu aliyerudishiwa deni alilokwisha kulisamehe,
na bado ana hasira.

Limebaki banda la kuku.
Paa lake ni kipande alichokuja nacho kazini
mwaka niliozaliwa, zawadi ya msimamizi.
Nimeambiwa nisilivunje, nisilichome,
nisilifagie kavu; nifunike pua,
nililoweshe, nilifunge kwenye nailoni nzito,
ningoje watu wa kaunti. Nao
wamesema wiki ijayo, tangu Ramadhani.

Leo nimechota ndoo mbili.
Baba amekaa mbali, upande upepo unakotoka,
ananielekeza kwa kidole chake
chenye ncha iliyovimba kama kijiti cha ngoma.
Mimina, anasema. Anapumua.
Mimina tena. Anapumua.
Msumari wa kushoto ndio wenye kutu, anza na huo.
Polepole. Usilikwaruze.