Safu ya Nne

Mama alinisomesha kwa chumvi.
Kila kiangazi alikwangua uso wa mbuga ya Bahi,
akauchuja udongo katika kibuyu kilichotobolewa,
akachemsha maji yake hadi sufuria ikalia
chwee, kisha kimya, kisha weupe.
Kopo moja, daftari. Gunia, ada ya muhula.

Leo nimerudi na mita na mbegu za kunde
kuja kupigana na kilichonilea.

Shamba la Chilongani, kando ya mfereji:
maji yalikuja, mpunga ukaja, maji yakakauka,
chumvi ikabaki juu kama ukurutu.
Mita yangu inasoma saba.
Mama anachota udongo kwa kidole, anaonja, anatema:
"Hapa hata magugu yameaga."
Hatukutofautiana.

Namweleza. Chukua unywele mmoja,
uupasue mara elfu mbili:
kipande kimoja ndicho upana wa chembe hii ya zinki.
Nimelowesha mbegu humo usiku kucha.
Sodiamu, mama, ni mgeni mwenye jina la kuazima;
hubisha hodi mzizini, husema, "Mimi potasiamu,"
na mzizi, kwa kiu, humfungulia.
Chembe hizi, tunatumaini, zitaufundisha mzizi
kuuliza mara ya pili.
"Mnatumaini," anasema mama.
Ndiyo. Tunatumaini.

Siku ya ishirini na sita.
Safu ya kwanza, mbegu zisizoloweshwa: majani yameungua kingo
kama barua zilizookolewa motoni.
Ya pili, maji matupu, hivyo hivyo.
Ya tatu, dozi kubwa: imedumaa,
maana dawa nayo ikizidi ni chumvi nyingine.
Ya nne,
sijui niseme nini kuhusu ya nne.
Ilikuwa kijani. Si kijani cha kalenda;
kijani cha mtu aliyeumwa, akaamka, akaomba uji.

Nikaenda Dodoma mjini kuazima mizani.
Niliporudi jioni, jikoni moshi,
ugali wa uwele, na kando yake mboga.
"Mama, majani haya umechuma wapi?"
Akalamba kidole. "Pale penye kibao cha nne.
Sikutia chumvi. Wala haikuhitaji."

Nikafungua daftari, nikaandika:
Safu ya nne, mimea saba, majani hayapo.
Sababu:
hapo nikaacha nafasi,
nikanawa mikono.