Juu ya Jicho la Pili

Ulirudi Hombolo Jumanne, na sanduku la bati
lenye namba yako kwa rangi nyeupe,
na karatasi ya stoo uliyonionyesha kabla hujanywa maji:
buti jozi mbili, zimerudishwa;
mkanda mmoja, umerudishwa;
kofia ya chuma, imerudishwa.
Niliisoma mpaka chini penye mihuri.
Nikaitafuta ile miaka thelathini na mmoja.
Haikuwemo.

Wiki ya kwanza uliamka saa kumi na nusu usiku,
ukatandika kitanda nami nikiwa bado ndani yake.
Ukapanga sufuria kwa kimo.
Mbuzi ukawahesabu, ukapata kumi na tisa,
ukaniuliza wa ishirini yuko wapi
kwa sauti ile inayoliza makuruta.
Nikakwambia: tulimuuza, Ndahani,
mwaka ule Chilewa alipovunjika mguu,
wewe uko mpakani, simu haishiki.
Hukuuliza tena. Ulikwenda ukasimama uani
kama mlingoti ulioteremshwa bendera.

Dada zako wakasema, mpe muda.
Majirani wakasema, kiinua mgongo kikiingia atatulia.
Kikaingia. Tukaezeka upya, tukalipa deni la pampu,
na wewe bado unakula umesimama.

Mimi nami, niseme ukweli, nilikuwa nimezoea.
Nilizoea kitanda kizima.
Nilizoea kuamua: uwele tupande lini,
nani akopeshwe mbegu, nani aambiwe zimekwisha.
Miaka yote niliomba urudi,
na uliporudi sikujua nikuweke wapi,
kama mtu aliyeletewa kabati kubwa
na mlango wake ni wa kuinama.
Hilo hata padri sikumwambia.

Kisha usiku ule wa Julai,
upepo unamwaga mchanga juu ya mabati mapya,
nikapapasa upande wako: baridi.
Nikakukuta kwenye uzio wa miiba,
blanketi mabegani, fimbo ya kuchungia mkononi.
"Simama! Nani?"
Ningeweza kucheka. Ningeweza kupiga yowe.
Nikasema, "Rafiki."
Ukanyamaza. Kisha, taratibu, "Neno la siri?"
Nikalitaja jina la mwanetu wa kwanza,
ambalo hujalitamka tangu nilipomzika bila wewe.
Fimbo ikashuka.
Tulikaa pale chini mpaka jogoo wa kina Masaka akawika,
wala hatukusema la maana.
Uliniambia tu kwamba lindo la tatu ndilo refu kuliko yote.
Nikakwambia, hata huku.

Mwisho wa Septemba, mavuno yamekwisha,
tukaingia shambani kupogoa.
Mikono iliyokuwa ikifungua bunduki gizani na kuifunga
ilishika mkasi kama imeshika kifaranga.
Ulisimama mbele ya mzabibu wa kwanza muda mrefu,
shingo imekaza, vumbi kwenye nyusi.
Kisha, bila kunitazama:
"Nikate wapi?"

Sikuwahi kukusikia ukiuliza.
Nikainama, nikakuonyesha kwa ukucha:
hapo, juu ya jicho la pili.
Usiuonee huruma. Unaonekana mkavu, lakini haujafa.
Ukakata. Likatoka tone moja la maji,
ukalitazama mpaka likadondoka.
Mzabibu wa pili ukaukata vibaya.
Nikanyamaza, ingawa ulimi uliniwasha.
Wa tatu ukaukata sawasawa, ukavuta pumzi,
ukaniuliza kama uji umebaki kwenye chupa.
Ulikuwepo.
Ukakaa chini kuunywa. Ukakaa, Ndahani,
miguu umeinyoosha kwenye udongo mwekundu.
Mistari ilikuwa bado arobaini,
na jua ndio kwanza linatoka upande wa bwawa.