Nyaya Tatu, Wailesi

Mtaa wetu unaitwa Wailesi, yaani bila waya,
na mimi mwaka wa kumi na tisa huu nala kwa waya:
nauchuna kwa meno, nauunga kwa risasi,
naulaza mezani kama mgonjwa.

Mfaume Nangonga kaja Jumatatu, baada ya mnada.
Ufuta umepanda, mfuko wa shati umetuna.
Mkononi waya mnene kama kidole gumba,
umevikwa nguo ya kusukwa, ncha zake dhahabu,
umetoka Kariakoo umelala kwenye boksi la mahameli.
Elfu themanini.
"Fundi," akasema, "sikia tofauti."
Hajauchomeka bado, tayari anasikia.

Mimi mtu wa mizani. Nikatoa wa kwangu:
mmoja mweusi, mwembamba, yatima wa deki iliyokufa;
mwingine nimeusokota mwenyewe
kwa waya wa kengele ya shule
iliyonyamaza siku walipoleta filimbi.
Nikamketisha Mfaume juu ya kreti la soda, uso ukutani.
Nyuma ya redio yake nikamweka Esha, binti wa dada yangu:
nikigonga meza, badili. Usiseme neno.

Kanda ilikuwa yake.
Marehemu mama yake, Bi Somoe, anapepeta ufuta,
mwaka ambao hakuna aliyeuandika kwenye jalada.
Haimbi. Hazungumzi na mtu.
Ungo tu:
chwaa, chwaa,
kisha kikohozi,
kisha, "Mfaume, umefunga mbuzi?"

Kwa kupima waya sijui muziki unaoushinda ufuta.
Besi hudanganya, besi hutikisa bati watu wakashangilia.
Punje ni ndogo, haina pa kujificha;
waya mbovu huzipika zote zikawa uji.

Nikagonga.
"Huu wa kengele," akasema. "Mzito. Kama anasemea mtungini."
Nikagonga.
"Mweusi. Afadhali, ila mama yuko mbali, yuko jikoni."
Nikagonga.
Mabega yakamshuka.
"Ndio huu. Dhahabu. Sasa nahesabu punje.
Sasa yuko uani."

Nikamtazama Esha. Kakaa chini,
nyaya mbili mapajani hazijaguswa, ule wa dhahabu na ule mweusi,
kiganja shavuni.
"Mjomba, nilisahau kubadili.
Nilikuwa namsikiliza."

Feni ikazunguka. Mtu akapita nje anauza mihogo.
Mfaume hakukasirika. Aliuliza
kama mgeni anayeuliza njia:
"Sasa aliyesogea ni nani?"

Jibu la kuandika kwenye risiti sikuwa nalo.
Nikageuza redio, nikaifungua mgongo.
Chumvi ya Lindi haikai baharini,
inaingia madirishani usiku, inatafuna shaba kidogokidogo,
inaacha kijani kama ukoga wa mtungi.
Tundu la kushoto limeoza.
Limao, wembe, pamba na spiriti.
Tukarudia, Esha safari hii akibadili kweli:
kengele, mweusi, dhahabu.
Chakarachakara ya miaka yote hiyo ikaondoka
kwa zote tatu.
Baina ya waya na waya sikio langu halikuona mpaka.
Naapa halikuona,
ingawa ule wa dhahabu nilitaka kuurudia mara ya nne.

"Elfu mbili," nikamwambia. "Ya limao na wembe."
Akalipa. Akaukunja waya wake taratibu,
akaulaza tena kwenye mahameli.
Ule wa kengele akauomba pia, akautia mfukoni
bila boksi.

Usiku huu, nyumba ya nne kutoka kwangu,
ungo unapepeta.
Sijui kachomeka upi.
Kikohozi kimepita. Sasa anauliza:
"Mfaume, umefunga mbuzi?"

Mbuzi aliuza wote mwaka ule wa msiba.

Nimezima feni,
nisikie atajibu nini.