Koki

Kalamu nyekundu ilikauka mwezi wa Rajabu,
hivyo madeni na mapato yote nayaandika kwa bluu,
mkaguzi akija atatafuta mwenyewe.
Wanachama: ishirini na watatu.
Wanaolipa ada: kumi na wanne.
Wanaosema kikaoni: wote, na jirani wa dirishani.

Mapato, basi.
Mashindano ya karata, Utaani, siku mbili: elfu tisini na sita.
Makonyo, magunia mawili, kutoka kwa Subeti wa Pandani
ambaye hakuwa na taslimu, karafuu zilishakwenda kwenye deni;
akasema, chukueni kilichobaki mkononi mwa mti.
Sahani iliyopitishwa harusini kwa binti wa Katibu:
elfu kumi na moja, mia tano, na kifungo cha koti.
Kifungo ninacho. Nimekibandika ukurasa wa tisa.

Jumamosi tukaenda Kangagani kumwaga zege
la msingi wa tangi la skuli.
Daktari wa meno alibeba kokoto kwa karai
mpaka viganja vikatoka malengelenge,
akawa anavionesha kwa kila mpitaji
kama mchumba anavyoonesha pete.
Watoto walitucheka. Wao walikuwa wakibeba maji
tangu hawajajua kuliandika neno maji.

Tangi likaja, jeusi, lita elfu tano,
nasi tukakaa saa tatu na nusu
kujadili ukubwa wa herufi.
Mwenyekiti alitaka jina lisomeke na aliye ndani ya gari
linalokimbia. Katibu alitaka na mwaka.
Mimi nilitaka kwenda kula.
Rangi nyeupe, makopo matatu: elfu sabini na mbili.
Mchoraji wa Limbani akapanda ngazi, akatuandikia
KLABU YA HUDMA WETE,
ile u ya katikati ikabaki koponi.
Mwalimu wa chuo akatufariji: kwa asili ya neno
hamko mbali.

Siku ya ufunguzi palikuwa na turubai, viti vya kukodi,
utepe wa hariri, hotuba nne.
Mvua ilinyesha wiki nzima, tangi limejaa pomoni.
Mgeni akakata utepe. Tukapiga makofi.
Mtoto wa darasa la pili, kikombe mkononi,
akalizunguka tangi, akalizunguka tena,
akaja akasimama mbele ya meza kuu:
Yanatokea wapi?

Tundu lipo. Kwenye tundu, kizibo cha kiwandani.
Nikafungua daftari hili hili mbele za watu,
nikapitisha kidole mstari kwa mstari.
Saruji. Nondo. Usafiri. Rangi. Rangi. Rangi.

Bi Mize Kombo, muuza mofa wa mlango wa hospitali,
si mwanachama; alikuja kwa kuwa mjukuu wake anasoma pale.
Hakusema kitu. Alilifungua fundo la pembe ya kanga
kwa meno, akahesabu, akamwita kijana mwenye baskeli.
Hotuba ya tano ikatolewa ili kungojea.
Koki ya shaba ikafika. Fundi akakosa uzi wa kukazia,
akauchana ule utepe, akauzungusha, akakaza.

Jana nilimfuata na kitabu cha risiti.
Niandike jina gani?
Andika koki.
Jina la mtoaji, Bi Mize, mkaguzi atauliza.
Akafukuza nzi juu ya mofa.
Kwani koki imelalamika?

Huko skuli, mtoto haombi ruhusa ya kunywa maji.
Anasema: naenda kwa Bi Mize.
Utepe unavuja, tone, tone, na chini yake
umeota mchicha usiokuwemo katika mradi wowote.

Nimejumlisha mara tatu. Elfu kumi na nane
zimo ubavuni mwa tangi, kitabuni hazimo.
Koki inafunga, ukiacha lile tone.
Hesabu haifungi. Nimeiacha hivyo,
kwa bluu.