Nusu Kichwa

Watu huulizana: ulikuwa wapi siku ile?
Hamdani wa Gongoni alikuwa kwa kinyozi,
povu likamkaukia shavuni.
Mwalimu Kapela alikuwa anaandika tarehe ubaoni,
na mpaka leo ikifika tarehe ile huandika mwezi tu.
Mdogo wangu Mihayo husimulia vizuri kunishinda,
naye alizaliwa mwaka uliofuata.
Simkatizi.

Mimi nilikuwa chini, kwenye kigoda,
uani kwa mama Nyanzala, Ng'ambo ya Tabora,
kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake,
nasukwa.

Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha:
mistari saba, imenyooka kama reli.
Mwenyewe ndiye aliyesema, kama reli, akacheka,
maana mumewe, Shija Lugembe, alikuwa gadi,
na nyumba ile ilipima kila kitu kwa treni.
Maharage yaliinjikwa treni ikiwa Goweko,
watoto waliogeshwa ikiwa Igalula,
hata fimbo zilingoja: akirudi baba yenu.

Asubuhi ile treni ya Dar haikuwa imefika.
Hilo peke yake halikuwa neno.
Juni, baridi, jua la kusitasita,
betri nne za redio zimeanikwa kwenye ungo
zipate nguvu ya kumalizia wiki.

Akaja Kulwa wa jirani. Hakupiga hodi.
Kwetu redio inapiga muziki tu, akasema.
Muziki gani?
Wa matarumbeta. Ule wa polepole.

Mikono kichwani mwangu ikasimama.
Ikasimama, haikutoka.
Kidole gumba kilikuwa bado kimekanyaga nywele,
nikahisi damu ikidunda kwenye ngozi,
yake au yangu, sijui.
Lete hizo betri.
Zilikuwa na vuguvugu. Akazitia moja moja,
ya tatu akaitia kinyume, akaitoa, akaigeuza.
Sauti ikaja nyembamba, ya mtu aliye ndani ya mtungi:
mabehewa… zaidi ya mia… taifa zima…
ikazama
kabla ya kutaja ni treni ipi.

Kuna jambo simwambii anayeniuliza.
Betri zilipokata roho sikuwaza maiti,
sikuwaza taifa, wala Shija Lugembe
aliyekuwa akiniletea pipi ya kijiti kila safari.
Niliwaza: na upande wa kulia je?
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Jumamosi kulikuwa na harusi.

Akainuka, kitana mkononi,
akaenda stesheni vivyo hivyo, miguu mitupu,
mafuta ya nazi yaking'aa vidoleni.
Wote walikwenda. Mji ulisimama ukitazama mashariki,
na reli zilikuwa kimya, safi, zinameremeta
kama kawaida yake.

Siku tatu nilikaa na nusu kichwa.
Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyethubutu
kumalizia wala kufumua.
Pale posta bendera ilikuwa nusu mlingoti,
nami nikipita chini yake na ndoo ya maji
nikadhani kweli ni amri,
kwamba sote tumeambiwa tuishie nusu.

Siku ya nne akatuma niitwe.
Kanga nyeusi, macho makavu.
Kigoda kilikuwa palepale, hakuna aliyekisogeza.
Kaa, akasema.
Nikakaa, nikangoja amalizie.
Akaanza kufumua.
Wa kwanza, wa pili, wa tatu,
taratibu, kama aliyeangusha sindano humo.
Kwenye mstari wa sita akasimama.
Yule mtangazaji alisemaje, kabla ya kukatika?
Nikamwambia: mabehewa.
Eh, akasema. Mabehewa.
Akashika wa saba.