Manjano ya Falguni

Februari. Saa nne tu, na jua limeshanikalia utosini.
Bi Mahfuza kasimama kizingitini na mzigo wa pamba nyeupe:
"Fundi, blauzi kumi na mbili. Ila kwanza zigeuke manjano."

Manjano gani? Yapo ya kiini cha yai, ya embe dodo,
yapo ya jezi za Yanga, hayo hayapauki hata wakifungwa.
Akacheka, akatafuta neno, akalikosa.
"Ya haradali," akasema. "Shamba zima la haradali, kule Joshore,
basi linapita na wewe dirishani huoni mwisho wake."
Mimi haradali naijua ya chupa.

Keshokutwa, akanieleza, ni mosi Falguni.
Baridi inakunja virago, matawi makavu yanavaa.
"Nanyi majira hayo mnayaitaje?"
Nikahesabu: masika, kipupwe, vuli, kiangazi.
Nikahesabu tena, kama mtu aliyedondosha noti njiani.
Shuleni tuliandikishwa neno *machipuko*.
Likabaki daftarini. Halikuwahi kuninyeshea, wala kunitoa jasho.

Mwanahija, mke wangu, ndiye aliyebandika sufuria:
bizari, chumvi, ndimu mbili,
akazipika blauzi kama mchuzi,
Mtaa wa Sikukuu mzima ukauliza nani anaoa.

Alfajiri ya siku yenyewe, Upanga, ghorofa ya sita,
lifti imelala pamoja na umeme, tukapanda kwa miguu
hadi juu ya paa, kati ya matangi ya maji na madishi.
Wanawake kumi na wawili wa manjano.
Nikatazama mishono yangu, nikaona bega moja limepinda,
nikanyamaza.

Maua yao ya genda yalipatikana kiduchu, Kisutu, kwa bei ya kuruka.
Watoto wakaziba pengo kwa alamanda za ua wa jirani
(mlinzi, Chitembe, aliinama kufunga kamba za viatu;
alikuwa amevaa kandambili).
Mwanahija akafundua kanga: vikuba, asumini na mrehani,
akamchomeka Bi Mahfuza nyweleni bila kuomba ruhusa.
Wakatazamana wale wawili
kama waliogundua ukubwani kwamba walinyonya ziwa moja.

Tukala vitumbua vyao, wanaviita pita,
nazi na sukari guru tumboni.
Nikala vinne. Sikuhesabu cha tano.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, Bibi Rokeya,
mama mkwe, miaka mitatu Dar na bado anauliza jambo moja:
yuko wapi kokili?
Ndege asiyeonekana, sauti tupu majanini;
huyo ndiye mwenye kutangaza Falguni,
na mayai yake huyataga kwa hila katika kiota cha kunguru.
"Kunguru wetu mnao," alisema, mkwewe akatafsiri,
akinyoosha kidole kwa wale wa shingo ya kijivu juu ya antena.
"Mbona mwenye sauti mlimwacha?"

Nikataka kumwambia, bibi, hawa hatukuwaalika,
tumewategea mitego, tumewalaani, wamezaana.
Nikakosa pa kuanzia.

Basi akaweka viganja mdomoni, yeye mwenyewe,
akaita: ku-uu.
Tena, juu zaidi: ku-uu.
Mara ya tatu sauti ikapasuka, akaicha hivyo hivyo imepasuka.

Kunguru wakanyamaza.
Wallahi, kunguru wa Upanga wakanyamaza,
kisha wakaruka wote kwa fujo kwenda kukagua viota vyao,
wajukuu wa wajukuu wasiomjua mwizi,
ila damu yao inamkumbuka.
Bibi Rokeya alicheka hadi akashikwa kikohozi.

Siku ya pili nikamkabidhi Shehe Mbwana kanzu yake.
Akaikunjua. Kwenye kola, alama ya kidole, manjano.
"Nini hiki, fundi?"
Nikatazama nje: vumbi, jua, mti wa jirani haujatoa hata jani.
"Jana," nikamjibu, "kulichipua."